Kutoka Mashamba ya Chai hadi Mbuga ya Mara: Historia ya Maneno ya Njia Moja



Mtu akiondoka Kericho alfajiri kwa gari lake mwenyewe, akapitia Litein, Kapkatet na Kaplong karibu na Sotik, kisha akashika njia ya Bomet, Mulot na Ololulung'a, hufika Ewaso Ng'iro na hapo hukata kusini kuelekea lango la Sekenani. Jua likiwa bado juu atakuwa ameingia Maasai Mara. Ameondoka kwenye nyanda za juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri na mashamba ya chai yametandazwa kama busati. Amepita katikati ya mahindi, kisha ngano, na sasa yuko kwenye majani makavu ya nyika. Vitabu vya utalii huieleza njia hii kwa mandhari yake. Mimi nimealikwa hapa kuzungumzia lugha, kwa hiyo nitaieleza kwa maneno yake.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni hii: msamiati wa Kiswahili tunaoutumia kwenye njia hii, yaani chai, kibarua, nyapara, gari, safari, mbuga, hifadhi, si msamiati wa likizo. Ni msamiati wa kazi na wa ardhi, uliohamishiwa kwenye likizo. Maana mpya ilipoingia, mara nyingi aliyekuwa ndani ya maana ya zamani alitolewa nje, nasi hatukuona. Nitafuata mwendo wa gari, ingawa naomba ruhusa ya kusimama mahali kwa muda mrefu kuliko dereva angependa.

Tuanze na chai yenyewe. Inafahamika kwamba lugha za ulimwengu zimegawanyika katika makundi mawili kuhusu jina la kinywaji hiki. Zile zilizolipata kwa njia ya bahari kutoka pwani ya Fujian huko China, kupitia kwa wafanyabiashara Waholanzi, husema kitu kinachofanana na te. Zile zilizolipata kutoka kwenye umbo la cha, kupitia Uajemi na Bara Hindi, husema chai. Kiswahili kimo katika kundi la pili. Maana yake ni kwamba Waswahili walilijua neno hili kutokana na biashara ya Bahari ya Hindi, wala hawakulipata kwa Mwingereza aliyekuja kupanda mmea. Mche wa kwanza nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920. Neno, basi, lilikuwa limetangulia. Tangu hapo limezaa watoto wengi: chai ya maziwa, chai ya rangi ambayo wengine huiita strungi, na ile chai nyingine ambayo mwenye gari akiombwa njiani huelewa mara moja kwamba si kikombe kinachotakiwa.

Lakini utajiri wa Kericho kwa mwanaisimu haumo katika jina la mmea. Umo katika majina ya kazi. Mashamba haya yalifunguliwa juu ya ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis, na wafanyakazi wakaletwa kutoka pande mbalimbali: Waluo, Waluhya, Wagusii na Wakipsigis wenyewe. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya zamu, ya mizani na ya kuitana majina asubuhi. Na Kiswahili hicho hakikubuniwa shambani. Kilifika kikiwa kimekwisha kutumika kwenye kazi nyingine.

Chukua neno nyapara. Katika karne ya 19, mnyapara alikuwa mkubwa wa kikundi cha wapagazi katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na neno lenyewe linahusishwa na Wanyamwezi, mabingwa wa upagazi. Alikuwa kiongozi wa watu wake: aliwasemea mbele ya mwenye mali, alipanga mwendo, aligawa posho. Misafara ilipokufa, neno halikufa. Liliingia mashambani likiwa na maana ya msimamizi wa vibarua, na magerezani pia. Angalieni mwelekeo wa badiliko hili. Aliyekuwa akisema kwa niaba ya wachukuzi mbele ya tajiri sasa anasema kwa niaba ya tajiri mbele ya wachumaji. Umbo la neno limebaki karibu lilelile. Uso wake umegeuzwa.

Kibarua nalo lina historia yake. Ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na kikaratasi hicho kikawa ushahidi wa siku aliyofanya kazi. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, na mwisho likawa jina la mtu. Leo tunasema "yule ni kibarua", na ngeli ya KI-VI, ambayo ni makao ya vitu, imemkaribisha binadamu, ingawa kisarufi tunampa upatanisho wa A-WA: kibarua amekuja, vibarua wamekuja. Kwa msikilizaji asiye mwanaisimu hili ni jambo dogo. Kwangu mimi ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akihesabiwa kwa karatasi. Kipande, ile hati ya utambulisho iliyolazimishwa kwa wanaume Waafrika wa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kiko katika ngeli hiyohiyo na katika historia hiyohiyo.

Na kitenzi kikuu cha Kericho ni kuchuma. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi. Lakini kuchuma kwa Kiswahili ni pia kupata mali kwa jasho. Ndiko tulikopata mchumi na uchumi. Nadhani hakuna mahali ambapo maana hizi mbili zilikutana katika kiganja kimoja kama zilivyokutana Kericho. Mwezi Mei 2023, waandamanaji walipochoma moto mashine za kuchumia chai katika mashamba ya huko, magazeti yalieleza ugomvi baina ya mkono na teknolojia. Kwa Kiswahili ugomvi ule unaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi: mashine huchuma kwa maana ya kwanza tu.

Sasa tuingie barabarani. Walimu wa fonolojia huipenda barabara kwa sababu moja: ni miongoni mwa mifano michache ambamo mkazo hubadilisha maana. Barabára, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kawaida yetu, ni njia kuu. Barábara, mkazo ukisogea nyuma, ni "sawasawa, ipasavyo". Kwa miaka mingi kipande cha mwisho cha safari hii, kutoka Ewaso Ng'iro hadi lango la mbuga, kilikuwa cha changarawe iliyofanya mawimbi, na abiria walipata nafasi ya kutosha kutafakari umbali uliopo baina ya barabára na barábara. Siku hizi kuna lami.

Chombo kinachotubeba ni gari, neno tulilolipokea kutoka lugha za Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la mkokoteni wa kukokotwa na wanyama. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipita kaskazini mwa Kericho, jina lilelile lilitumika kwa gari la moshi. Motokaa, la Kiingereza, lilijaribu kushindana nalo kwa muda, kisha likaachwa kwa wazee na kwa vitabu vya zamani. Kisarufi gari ni neno la ngeli ya LI-YA: gari langu, magari yangu. Hata hivyo, katika safari yangu moja kwenye njia hii niliketi kando ya dereva, mzaliwa wa Litein, aliyesema "gari yangu" kutoka Kericho hadi Narok, na kila aliposimama kununua mahindi ya kuchoma akazungumza na mchuuzi wa Pwani aliyehamia huko, akasema "gari langu" bila kujitambua. Aliponigundua ninaandika, aliniuliza, "Mwalimu, nimekosea?" Nilimwambia kuwa hakukosea, alikuwa akizungumza Kiswahili cha watu wawili. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi hata kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha hii, na uamuzi huo umetufaa sana, lakini haukuwahi kufuta Kiswahili cha bara kilichokuzwa na wapagazi, askari na vibarua. Gari yangu ni ya kwao.

Gari binafsi, yaani la nafsi ya mtu, ni kinyume cha matatu. Matatu lilipata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi, na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliliruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Nalitaja kwa sababu wachumaji wa chai na wachungaji wa ng'ombe husafiri kwalo. Matatu husafiri baina ya miji. Mwisho wa njia yake ni soko. Anayepita langoni Sekenani kutazama simba ni mwenye gari binafsi au aliyekodiwa gari. Katika lugha, mmoja huwa abiria na mwingine huwa mtalii. Neno mtalii, kwa bahati, lina undugu na mtaala wetu wa shule: yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusoma kwa uangalifu na kuchunguza. Mtalii, kwa asili, ni mtu aliyekuja kusoma. Huenda tukamkumbusha.

Sotik inatulazimisha kusimama. Mwaka 1905 jeshi la kikoloni liliwashambulia watu wa Sotik, likaua wengi na kuteka mifugo. Miaka minne baadaye, mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani, alipita nyika kavu kuelekea eneo lililoitwa kwa jina hilohilo, akiwa na wapagazi zaidi ya 200, magari ya kukokotwa na maksai, na bunduki za kutosha. Kitabu chake, African Game Trails, kilichapishwa mwaka 1910 na kusomwa kote duniani. Ndani yake mna ushahidi mzuri wa kiisimu. Roosevelt aliandika kuwa wachukuzi walimwita Bwana Makuba. Sikio lake halikuweza kuistahimili m ya mkubwa inayosimama peke yake kama silabi, likaitafutia irabu. Hilo ni la kuchekesha. La maana zaidi ni kwamba aliwafafanulia wasomaji wake neno safari kuwa linataja mambo mawili: mwendo wenyewe na kundi la watu wanaokwenda.

Huo ndio uliokuwa ukweli wa matumizi ya wakati ule. Sisi tunao mzizi wa Kiarabu wa s-f-r, na kutokana nao tuna kusafiri, safari, msafiri na msafara. Katika Kiingereza kilichochukua neno letu tangu katikati ya karne ya 19, safari ilimaanisha pia msafara: mistari ya watu wenye mizigo vichwani na mabegani. Kitenzi cha kazi yao kilikuwa kupagaa, kubeba begani, ambacho ndicho pia kilichotupa kupagawa, kwa kuwa pepo naye humpanda mtu kama mzigo. Gari lilipochukua mahali pa wapagazi, maana ya pili ilidondoka. Kiingereza cha leo kina safari isiyo na watu ndani yake isipokuwa mteja. Neno likaturudia likiwa limepungua: tunaona matangazo ya "safari" katika miji yetu wenyewe, na tunajua kuwa hayamhusu mwanafunzi anayerudi bweni. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, bunduki nayo iliondoka, kamera ikabaki. Kiswahili hakikuhitaji hata kubadili kitenzi; tulikuwa tukipiga risasi, tukawa tunapiga picha.

Huko Mulot tunavuka mto Amala na kuingia Narok. Majina ya mahali yanabadilika mbele ya macho yetu. Nyuma yetu yamebaki majina ya Kipsigis yenye Kap-, linaloashiria maskani ya mtu au ukoo: Kapkatet, Kaplong. Mbele kuna majina ya Kimaa: Narok, lenye rangi nyeusi, Ewaso Ng'iro, mto wenye maji ya rangi ya udongo, Mara, lenye mabakabaka, kwa sababu ya miti na vichaka vilivyotapakaa kwenye nyika. Zote mbili ni lugha za Kinailoti, matawi tofauti, na Kiswahili, lugha ya Kibantu, kimeyapokea majina hayo bila kuyavisha viambishi vyake. Inafaa kukumbuka pia kwamba Amala na Nyangores, inayopita Bomet, hutoka msitu wa Mau na kuungana kuwa mto Mara. Maji yanayovukwa na nyumbu mbele ya kamera yametoka upande wa mashamba ya chai. Gari letu lilikuwa likiufuata mto siku nzima.

Na sasa mbuga. Katika kamusi za zamani, na katika Kiswahili cha bara hadi leo, mbuga ni uwanda wa majani, ardhi tambarare. Kwa mkulima wa Usukumani ni udongo mweusi wa bondeni unaonata. Mbuga haikuwa na lango wala tiketi. Ilikuwa malisho. Ilipoongezewa "ya wanyama" ikawa jina la eneo lililowekewa mipaka, na kisha nyongeza hiyo ikaanza kuachwa, kiasi kwamba mtoto wa mjini leo akisikia mbuga huona simba, hamwoni mchungaji. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kiingereza cha utawala kilikuwa na neno moja, reserve, lililotumika kwa watu kabla ya kutumika hapa kwa wanyama. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia, wakasukumwa kwenye eneo la kusini lililoitwa kwa neno hilo. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, shauri lao lilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya kimataifa na mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Mwaka 1948 sehemu ya ardhi hiyohiyo ya kusini ilitengwa kwa wanyama. Mwaka 1961 ilipanuliwa na kuwekwa chini ya halmashauri ya Narok. Mwaka 1974 ikapewa hadhi ya kitaifa, na leo ina kilomita za mraba 1,510. Anayesoma kwa Kiingereza anaweza, akitaka, kuuona mfululizo huo, kwa sababu neno ni lilelile. Anayesoma kwa Kiswahili hauoni. Sisi tuliandika hifadhi kwa wanyama, na kwa watu tukaandika "maeneo ya Waafrika" au tukanyamaza.

Silalamiki juu ya neno hifadhi. Ni neno zuri. Linatokana na mzizi uleule unaomfanya mtoto wa chuoni kuhifadhi Kurani, yaani kuitunza moyoni. Nalalamikia sarufi yetu ya historia. Tazameni jinsi vitabu vyetu vya shule vinavyozungumza: nyumbu huhama; Wamaasai walihamishwa. Nyumbu wamepewa kitenzi chao kikiwa kizima. Wamaasai wamepewa viambishi viwili, -ish- cha usababishi na -w- cha kutendwa. Kiambishi cha usababishi kinatangaza kuwa yuko aliyesababisha. Kile cha kutendwa kinaturuhusu tusimtaje. Kiswahili kina neno dogo la kumrudisha, yaani na: walihamishwa na nani? Vitabu vingi huweka nukta kabla ya hapo. Mwanafunzi hufaulu mtihani wa kauli za vitenzi, na hafundishwi kuuliza swali ambalo kauli hiyo inalidai.

Kusini mwa mpaka, wenzetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi kuliko sisi katika kuunda istilahi, nami nawasifu kwa hilo. Wanatofautisha hifadhi ya taifa, kama Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951 na ambayo Wamaasai waliondolewa mwishoni mwa muongo huo wakapelekwa Ngorongoro. Pori la akiba. Na pori tengefu. Istilahi hizi si mapambo. Katika pori tengefu vijiji na mifugo viliweza kuwapo. Katika pori la akiba haviruhusiwi. Mwezi Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, zinazopakana na Serengeti na zisizo mbali na Mara, zilitangazwa kuwa pori tengefu, na baadaye mwaka huohuo zikawa Pori la Akiba la Pololeti. Badiliko hilo lilionekana kwenye karatasi kama kubadilisha kivumishi. Kwa mwenye ng'ombe lilikuwa suala la mahali pa kulala usiku huo. Tunasema akiba haiozi. Mtafsiri wa sheria anawajibika kuuliza inawekewa nani.

Nchini Kenya swali hilo bado linatusubiri. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliandikwa kwa Kiingereza. Eneo linalosimamiwa na serikali ya taifa na eneo linalosimamiwa na kaunti kwa niaba ya wenyeji, kama Mara, yote tunayaita mbuga, nyakati nyingine katika aya moja. Mzee wa Talek anayekwenda kwenye kikao kujadili mapato ya malango anahitaji maneno mawili tofauti, na sisi tumempa moja. Ningependa kuona wanafunzi wa idara hii wakienda huko kwa matatu, wakiwa na kinasa sauti, wakawaulize wachungaji wanayaita nini maeneo hayo wanapozungumza Kiswahili na watu wasio Wamaasai. Na wakirudi, washuke Kericho wawaulize wachumaji waliostaafu kuhusu nyapara na kibarua, kabla kumbukumbu hizo hazijaondoka nao. Orodha ya kwanza ya maswali ninayo, na mlango wa ofisi yangu uko wazi.